Wasikilizaji wa Kidahwe

Leonia ni fundi cherehani pale Ujiji, na ukimwuliza habari hizi leo atakuambia ana nguo ya mtu ya kumalizia. Mengi tumeyapata kwa rafiki yake Kudra, mwenye studio ya muziki ya chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani.

Ilikuwa Jumatatu kama Jumatatu nyingine. Leonia alikuwa anapinda upindo wa sare ya shule. Wimbo wake wa kwanza, "Mama Vuka", ulikuwa na mwezi mmoja mtandaoni, umesikilizwa mara mia mbili na kumi na nne, na wengi wa wasikilizaji hao aliwajua kwa majina: wanakwaya wenzake, wateja, binamu yake wa Kasulu.

Akaingia mwanaume aliyeleta suruali ya kupunguzwa. Akasema anaitwa Hamdani, wa Kidahwe, nyumba ya nyuma ya mashine ya kusaga.

"Dada, nimeusikia wimbo wako. Naweza kukutafutia wasikilizaji wengi."

"Kwa njia gani?"

"Njia niachie mimi. Na sitaki hata senti. Niimbie tu ule mwanzo, hapa kwenye simu."

Leonia alisita. Mtu asiyetaka senti anataka nini? Lakini mgeni alikuwa mpole, na kuimba si kazi kwake. Akaimba. Hamdani akashukuru, akaondoka. Suruali hakurudi kuichukua.

Kesho yake asubuhi, elfu arobaini.

Leonia alipiga vigelegele. Kudra hakupiga.

"Hawa si watu," Kudra alinong'ona, macho kwenye kompyuta. "Wote wako Kidahwe. Kidahwe ina watu elfu arobaini, Leonia? Hakuna aliyeuhifadhi, hakuna aliyeandika neno. Na tazama hapa. Kila mmoja anasikiliza sekunde thelathini na moja, moja tu zaidi ya zile zinazohesabiwa, anaacha. Kampuni inayotusambazia ikigundua itafuta kila kitu. Itasema tumenunua."

"Mimi sijanunua."

"Najua. Lakini ulimkubali mtu asiyetaja njia yake."

Jumatano ikawa elfu tisini. Jioni, kwenye mazoezi ya kwaya, Leonia akafungua kinywa aanze "Mama Vuka". Kimya. Midomo inacheza, koo linatetemeka, sauti hamna. Mpiga kinanda aliendelea tu, akidhani ni utani. Kisha, katikati ya ubeti, sauti ikatoka. Kudra, aliyekuwa amemsindikiza, alikuwa akiangalia saa ya simu yake.

Sekunde thelathini na moja.

Hospitali walimulika koo. Halikuwa na hata wekundu. Alhamisi, Leonia alishindwa hata kumwitikia mteja salamu.

Kudra hakungoja. Aliiandikia kampuni: namba hizi si zetu, zilianza siku fulani, zinatoka mahali fulani, mtu aliyetufuata anaitwa hivi, uondoeni wimbo mpaka mchunguze. Akaambatisha picha za takwimu zote. Wakajibu kwamba wanalishughulikia. Ijumaa mchana, wawili hao wakapanda gari kwenda Kidahwe.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Gervasi, aliitikia shikamoo ya Kudra, akasikiliza wanayemtafuta.

"Nyuma ya mashine? Pale hakai mtu. Ufunguo ninao mimi, mwaka wa tisa huu."

Kufuli lilikuwa na kutu. Kabla halijafunguka, wakasikia. Chini chini. Sauti ya Leonia. Si moja. Nyingi, zinakanyagana.

Chumba hakikuwa na dirisha. Rafu mpaka darini, na juu ya rafu, simu. Mamia. Kudra akachukua moja. Kioo cheusi. Akaigeuza. Haikuwa na betri.

Ilikuwa inaimba.

Ghafla zote zikanyamaza. Pumzi ikavutwa, moja, ndefu. Zikaanza tena.

Leonia alitaka kupiga kelele. Hakuwa na sauti ya kupigia.

Simu ya Kudra ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa kampuni: wimbo umeondolewa.

Kimya.

"Yesu wangu," Leonia akasema. Akajishika koo. Alikuwa amejisikia.

Wimbo ulirudishwa baada ya wiki tatu, zile namba za uongo zimefutwa. Siku hizi akija mtu na ahadi ya wasikilizaji, Leonia humwuliza ni akina nani. Asipowataja, yeye huendelea kushona.

Ila Kudra anasema zile simu hazikumtisha kama sakafu. Mzee Gervasi alipomulika tochi, vumbi lote lilikuwa na nyayo. Za pekupeku. Za watu wazima na za watoto wadogo, zimebanana, vidole vyote vimeelekea kwenye rafu. Hakuna hata unyayo mmoja ulioelekea mlangoni.

Mzee alifagia, akafunga. Asubuhi iliyofuata akampigia Kudra, akiongea kwa kunong'ona.

"Mwanangu, nyayo zimerudi. Leo zimeelekea mlangoni."

"Na kufuli, mzee?"

"Nimelikuta limefungwa."