Mpagazi wa Ukurasa wa Tisini

Kitabu alikifunga mwenyewe kabla ya kwenda kuchemsha chai. Absalom Makokha aliporudi mezani alikikuta wazi, ukurasa wa tisini, na pembeni pake alama ya kidole gumba kilicholowa. Nje, mvua ya Kitale ilikuwa bado haijaanza.

Aliukausha ukurasa kwa leso. Hakuhitaji kuusoma. Kilikuwa kitabu cha safari cha Mwingereza mmoja aliyepita chini ya Mlima Elgon zamani za misafara, na Absalom alikuwa amekifundisha chuoni miaka ishirini. Katika ukurasa huo mpagazi anaugua, anashindwa kuinua mzigo, anaachwa pangoni. Mwandishi hakuandika jina lake. Alimwita Punda, kisha akaendelea na habari za mvua.

Darasani Absalom alikuwa akiigiza sauti ya yule Mzungu, "Punda, inuka," na wanafunzi wakiangua kicheko. Siku moja alimwigizia mkewe, Nangila. Nangila hakucheka. Aliuliza mtu huyo mamake alimwita nani. Absalom alijibu kwamba kitabu hakisemi, akafunua ukurasa uliofuata. Sasa Nangila alikuwa na miezi saba kaburini, nyumbani Bungoma, na swali lake lilikuwa halijajibiwa.

Chumba cha pili mjukuu wake alikuwa akilia. Alikuwa wa siku nne, binti wa mwanawe Kevin, na tangu jana alikuwa amekataa ziwa. Hospitali walimpima, hawakuona kitu. Ndipo dadake Absalom, Phelista, alipokuja kutoka Lugulu kufanya vile kwao hufanywa: mtoto anayelia hivyo huitiwa majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na jina atakalonyamazia na kunyonya ndilo lake.

Absalom alisimama nje ya pazia, kwa kuwa baba mkwe haingii chumba cha mzazi. Phelista alimtania kwamba amesoma mpaka akasahau majina ya shangazi zake. Kisha utani ukaisha. Aliwaita wanawake wote wa ukoo. Alipomwita Nangila, Absalom alifumba macho. Mtoto alizidi kulia. Akaanza wanaume, nao wakaisha.

Hapo ikaja harufu ya ngozi mbichi iliyonyeshewa mvua, na ya jasho la mtu aliyetembea siku nyingi, ikatoka mezani kwenye kitabu, ikapita nyuma ya Absalom, na pamoja nayo pumzi nzito iliyokwama kifuani kila ilipopanda, ikasogea mpaka akaihisi shingoni, ikatulia hapo kama mtu anayengoja zamu yake kwenye foleni.

"Makokha," Phelista alisema kwa sauti ya chini, "ni nani mwingine uko naye kwa hii nyumba?"

"Hana jina, dada."

"Kila mtu ako na jina."

"Lake silijui. Najua tu vile walimwita."

"Si useme hilo."

"Ni matusi."

Kisha Jentrix, mke wa Kevin, ambaye hakuwahi kumwomba kitu tangu aolewe, akasema kutoka ndani, "Baba, sema tu. Mtoto anaisha."

Absalom akalisema. Hakutumia ile sauti ya darasani. Alilisema kwa sauti yake mwenyewe, na kilio kikakatika. Ndani ikasikika midomo midogo ikinyonya. Nyuma yake, sakafuni, kitu kizito kikawekwa chini polepole, kama mzigo uliobebwa mbali sana.

"Ameshika ziwa," Phelista alisema. Hapakuwa na furaha katika sauti yake. Jentrix alikuwa akilia kimyakimya.

Punde mtoto akaachia, akaanza kulia tena.

"Mwite," Phelista alisema.

Absalom akainamisha kichwa mbele ya pazia, akamwita mjukuu wake Punda.