Ziad Ateguka Mguu

Kila siku baada ya sala ya alfajiri, Ziad alikuwa akikimbia. Alitoka kwao Kibokoni, akapita Ngomeni, akafika Ganjoni na kurudi. Wauza mahamri walimzoea.

"Yakhe, nani anakufukuza?" walimtania.

Ziad alicheka tu, akapita.

Mchana aliuza leso katika duka la watu, Mtaa wa Biashara. Kazi ile hakuipenda hata kidogo. Aliyoitaka ilikuwa bandarini. Huko kulikuwa na kampuni yenye timu ya riadha, na kijana akichukuliwa kwenye timu, amepata na kazi. Vijana walishindanishwa mara mbili kwa mwaka. Mwaka ule wa 1994, kocha wa timu, Bwana Kingi, alikuwa amekwisha kumwona Ziad akikimbia.

"Wewe nakutaka," alimwambia. "Njoo tu siku ya mashindano."

Basi wiki chache kabla ya siku hiyo, Ziad akakata kona ya uchochoro penye maji ya sabuni. Akateleza. Mguu ukapinda kwa ndani, akasikia "ta!" Akarudi nyumbani akirukaruka kwa mguu mmoja.

Mama yake, Mejumaa, alikuwa mchuaji. Mtaa mzima ulimjua. Aliwachua wazazi waliotoka kujifungua na watoto wachanga, na wazee wenye kuumwa migongo. Alipouona mguu wa mwanawe, akashika kichwa.

"Ebo! Kifundo kimeumuka kama andazi! Lala hapa."

Akapasha moto mafuta ya uto. Akauchua mguu kwa nguvu zake zote. Ziad akapiga kelele hadi jirani akachungulia dirishani.

"Kaza moyo, babangu," Mejumaa akasema. "Damu iliyovilia lazima itawanywe."

Jioni mguu ulikuwa umevimba zaidi. Kesho yake akauchua tena, na kesho kutwa pia. Kisha akaufunga kwa leso, akamlaza Ziad kitandani wiki nzima. Chakula aliletewa palepale. Hata maji ya kutawadha aliletewa. "Ole wako ukanyage chini!" mama aliwaka kila alipomwona akijiinua.

Maumivu yakapungua, halafu yakaisha. Ziad akafurahi, akavaa viatu, akatoka mbio. Alipofika Ganjoni, mguu ule ule ukapinda tena. Safari hii haukuuma sana, lakini barabara ilikuwa sawa, haina shimo wala jiwe. Hilo ndilo lililomtia hofu.

"Mama, mimi nimekwisha," alisema aliporudi. "Sitakimbia tena."

Mejumaa naye aliogopa. Asubuhi yake wakaenda hospitali pamoja. Mguu ukapigwa picha. Mfupa haukuvunjika. Daktari akawapeleka kwa Mwikali, mtaalamu wa kutibu viungo kwa mazoezi.

"Shikamoo, mama," Mwikali alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mguu huu mliufanyia nini siku ya kwanza?"

Ziad akamtazama mama yake. Mejumaa akajibu mwenyewe. "Niliuchua. Kwa mafuta ya moto."

Mwikali hakumkaripia. "Mama, mgongo uliokaza ukiuchua, mtu anapata nafuu. Lakini mguu ulioteguka sasa hivi, kano zake zimechanika, na damu inavuja ndani. Moto na kusugua vinazidisha uvimbe. Siku za kwanza tia barafu ndani ya kitambaa, uweke dakika chache, kisha uondoe. Funga bendeji isiyobana sana. Inua mguu juu ya mto. Na mtu asipoweza kukanyaga kabisa, mlete hospitali siku hiyo hiyo."

"Na kulala je? Nilimlaza asitembee."

"Siku mbili tatu, sawa. Zikizidi, mguu unalegea."

"Lakini ulikuwa hauumi tena," Ziad akadakia.

"Haya, simama kwa mguu huo mmoja. Fumba macho."

Ziad alicheka. Jambo gani hilo kwa mkimbiaji? Akafumba macho. Hapo hapo akapepesuka, akadaka buibui la mama yake asianguke.

"Umeona?" Mwikali akasema. "Maumivu yalikwisha, lakini mguu umesahau kujishika. Tutaufundisha upya. Nyumbani unashindwa na nini?"

"Tahiyatu," Ziad akasema kwa haya. "Siwezi kuukalia mguu nikisali."

"Vema. Siku utakayoweza, uniambie."

Akamwonyesha mazoezi. Asimame kwenye ngazi, ainuke kwa vidole, ashuke polepole. Auvute mguu kwa tyubu kuukuu ya baiskeli. Asimame kwa mguu mmoja anapopiga mswaki. "Mguu ukichoka, si neno," Mwikali alisema. "Ukichoma kwa maumivu makali, acha."

Ziad aliona ni mchezo wa watoto. Watu walipita barazani wakamwona akipanda na kushuka ngazi ile ile, wakamcheka. Aliona aibu, lakini aliendelea. Siku moja akasali, akakaa tahiyatu bila kusaga meno. Akamweleza Mwikali, naye akafurahi.

Lakini mashindano yalikuwa kesho. Mwikali akamwambia aruke kwa mguu mmoja. Mguu ukatetemeka.

"Bado," akasema. "Ukishindana kesho, utauchana upya."

Ziad akarudi nyumbani amevimba kwa hasira.

"Mama, nichue nisisikie maumivu. Kisha unifunge kwa nguvu. Ni mbio moja tu!"

Mejumaa alijua kufunga mguu ukakaza kama mti. Na kazi ile ya bandarini aliitaka kuliko hata Ziad mwenyewe. Mikono ilimwasha.

"Sikuchui," akasema. "Wala sikufungi."

"Mama! Kazi itanipita!"

"Najua. Kasirika, mwanangu. Kasirika uwezavyo."

Ziad hakushindana. Aliposikia wenzake wamechukuliwa, alilia, na kwa siku kadhaa hakusema na mama yake. Lakini mazoezi hakuyaacha. Baadaye Mwikali akamruhusu kukimbia polepole mahali tambarare, kisha kwa kasi, kisha kukata kona. Mguu ukamtii.

Mwisho wa mwaka vijana wakashindanishwa tena. Ziad alikuwa wa tatu. Bwana Kingi akamshika mkono, akamwambia aripoti bandarini Jumatatu.

Habari zikatangulia Kibokoni. Jirani wakajaa nyumbani kwa vifijo.

"Mejumaa, mikono yako ina baraka!" wakasema. "Mguu ule tulidhani umekwisha!"

Mejumaa alikuwa akifuta machozi kwa leso. Akawanyamazisha.

"Msinisifu bure," akasema. "Mikono hii ndiyo iliyomzidishia uvimbe. Mwanangu amepona nilipokubali kuizuia."