Picha Moja ya Watu Wawili

Odilia na Wilmar walikutana kwenye foleni ya maandazi ya jibini, mtaa wa Chapinero, mvua ya Bogotá ikimwagika. Wilmar, ndani ya koti la manjano, alikanyaga viatu vipya vya Odilia, akaomba radhi kwa andazi la moto. Mwaka haukuisha wakawa wapenzi.

Odilia alikuwa mhariri wa picha za tamthilia za televisheni. Akishaunganisha macho ya huyu na uso wa yule, watazamaji huapa kuwa wawili hao wametazamana, kumbe mmoja kapigwa picha leo, mwingine juma lililopita. Uongo huo ndio uliomlisha. Lakini Wilmar, naye mwigizaji, alipopewa nafasi ya kuigiza mpenzi wa Yadira, mwigizaji mrembo anayejulikana nchi nzima, na picha zikamfikia Odilia mezani, fundi alisahau ufundi wake. Jicho alilomtazama nalo Yadira lilikuwa lile lile alilomtazama nalo yeye kwenye foleni ya maandazi. Wivu hauna shule.

Akaacha kupokea simu. Wilmar alipiga asubuhi, akapiga mchana, jioni akaja mwenyewe chumba cha uhariri, koti likichuruzika.

"Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Muulize Yadira. Mimi hujanitazama hivyo tangu Krismasi."

Wilmar akavuta kiti. "Haya, nionyeshe picha moja tu tuliyomo mimi na Yadira wote wawili."

Odilia akazipitia zote. Hakuona hata bega la Yadira mbele ya Wilmar. Picha ya chumba kizima, ya kuwaonyesha pamoja, haikuwepo.

"Yadira alimaliza zake Jumatatu, akaenda Cartagena. Mimi nilipigwa zangu Alhamisi. Hebu fungua sauti."

Sauti alikuwa ameizima makusudi, maneno ya mapenzi yasimuumize. Akaifungua. "Usiniache, kipenzi changu," ilisema sauti nzito, kisha ikakohoa. Alikuwa Mzee Eliécer, fundi wa taa mwenye masharubu, akimsomea Wilmar maneno ya Yadira.

Odilia alicheka mpaka akalia, na kilio kikawa cha kweli. "Kwa hiyo lile jicho lilikuwa la Mzee Eliécer?"

"Nilimvisha uso wako. Masharubu ndiyo yalinipa taabu."

Odilia akamwomba msamaha, aibu imemjaa. Wilmar akaegemeza simu yake ukutani, akaiwasha ipige picha ya video, akaja kusimama karibu naye.

"Nimechoka kupigwa picha peke yangu. Utaolewa na mimi?"

"Nitaolewa."

Picha hiyo imekaa upande, na nusu ya paji la uso la Wilmar imebaki nje. Odilia hajaikata popote mpaka leo.