Barua Iliyoliwa na Ng'ombe

Siku ile ya mwaka 1993 pantoni ya Mto Kilombero ilikuwa imejaa magunia ya mpunga, baiskeli, na ng'ombe sita wa kijana mfugaji, Masanja. Balbina, binti wa Kipogoro kutoka Mahenge, alivaa gauni la kitenge cha kijani na viatu vyeupe visivyostahili matope yale. Bahasha ya kaki alikuwa ameibana kwapani. Ng'ombe mmoja mwekundu akanyoosha shingo, akaivuta, akaanza kutafuna.

"We kaka! Ng'ombe wako anakula barua yangu ya chuo!"

Masanja akaipokonya, nusu ikiwa imeshakwenda. "Nisamehe, dada. Ilikuwa inasemaje?"

"Nimechaguliwa kusoma digrii ya uuguzi Dar es Salaam. Bahati yako jina langu limebaki."

Bahati ilikuwa yake kweli, maana pantoni ilipogusa ng'ambo alikuwa ameshapenda. Wiki tatu alizokaa Balbina kwa shangazi yake Mlabani, mjini Ifakara, Masanja alipeleka maziwa kila asubuhi, hata shangazi aliposema yamewatosha. Kabla Balbina hajapanda treni ya kwenda chuo, walishaahidiana: akimaliza chuo, waoane. Muda gani, hakuna aliyetaja. Masanja hakuona haja ya kuuliza. Luciana, mke wa kaka yake, alisomea unesi miaka mitatu, basi. Akamwambia baba yake, Mzee Mashimba, "Mvua tatu." Mwaka huo huo yule ng'ombe mwekundu akazaa ndama jike, na mzee akasema huyo hauzwi, ni wa mahari.

Miaka mitatu ilipotimia, Balbina akaandika tu kwamba anakuja. Masanja alikwenda stesheni ya Ifakara amevaa suti ya kahawia ya kuazima, suruali ikimwishia juu ya vifundo. Balbina akashuka na begi dogo mkononi.

"Mpenzi, sanduku liko wapi?"

"La nini? Nimekuja likizo."

"Si umemaliza?"

"Nani kakwambia? Digrii ni miaka minne, Masa. Halafu mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini."

"Luciana alimaliza mitatu!"

"Dada Luciana alisomea cheti, mimi nasoma digrii. Barua ilieleza yote, lakini aliyeisoma ni ng'ombe wako."

Abiria wakacheka. Masanja hakucheka. Aliona aibu kwa ile suti, na chini ya aibu kulikuwa na woga: anayeongeza miaka kashapata mwingine.

"Sema tu kama kuna daktari huko."

Balbina alimtazama mpaka machozi yakamjaa. "Nashinda wodini nimesimama, nakuwaza wewe, halafu unaniuliza daktari?" Akaondoka peke yake, na kesho yake akapanda gari la Mahenge.

Miezi miwili ikapita bila barua. Masanja alikonda. Asubuhi moja akamfuata baba yake zizini.

"Shikamoo, baba. Mvua zimekwisha, na yule binti anataka nyingine mbili. Afadhali tuuze yule ndama wa mahari, sasa ni mtamba."

Mzee Mashimba hakuacha kukamua. "Marahaba. Mtamba ameshazaa?"

"Bado. Huyo labda mwakani, au mwaka utakaofuata."

"Umewahi kumgombeza?"

Masanja akageuka kumtazama yule mtamba.

"Miaka yote hii unamchunga, hujamuuliza kwa nini hajazaa. Unajua muda wake. Wa binti wa watu hukuuliza, halafu unamkasirikia yeye. Nenda posta ukapige simu."

Alikwenda mbio. Likizo ilikuwa imekwisha; hosteli ya chuo wakamwita Balbina, na Masanja akasikia viatu vikikaribia.

"Haloo?"

"Ni mimi. Nimekosa, Balbina. Niliogopa kukupoteza, nikasema upumbavu."

"Endelea, nasikiliza."

"Baba anasema mtamba wa mahari naye hajazaa, na hakuna anayemgombeza."

"Masanja! Umenilinganisha na ng'ombe?"

"Kwetu hiyo ni sifa, mpenzi."

Balbina akacheka, kile kicheko Masanja alichokikosa tangu stesheni. Masanja akafuta macho kwa mkono wa shati, watu wa foleni wakimtazama.

"Na nikifeli somo, mwaka ukaongezeka?"

"Basi ndama watakuwa wawili. Nitakungoja. Bado unakubali nikuoe?"

"Nilishakubali zamani, we mtu. Ila suti tafuta ya urefu wako. Una miaka miwili."