Marlee Hakuomba Msamaha

Kila Jumamosi asubuhi, Marlee alimtembeza kondoo wake, Biskuti, kwa kamba kuzunguka ua, amzoeze kusimama vizuri mbele ya waamuzi. Maonyesho ya mifugo ya wilaya yalikuwa yamekaribia, na trela pekee ya kumbebea ilikuwa ya Mjomba Royce. Mjomba alikwisha kuahidi.

Jumamosi moja Marlee, mama yake na Mjomba Royce walikwenda uwanja wa shabaha. Mama yake, Raylene, alikuwa daktari wa mifugo. Mara nyingi aliitwa usiku kwenye mashamba ya mbali ya Oklahoma, akaenda peke yake, bastola ikiwa kiunoni. Alitaka kuifungia kifaa cha kulengea. Mwenye duka la silaha alimwazima kioo kidogo chenye nukta nyekundu ndani yake, lakini Mjomba Royce hakutaka kusikia.

"Vioo ni vya maringo, dada. Chukua leza kama yangu. Inatupa nukta ya mwanga palepale risasi itakapotua. Kwisha!"

Mama alijaribu ile leza kwenye bastola ya Mjomba. Jua lilikuwa kali, na nukta haikuonekana hata chembe. "Iko wapi?" akauliza.

"Hebu lete!" Mjomba akaichukua bastola, akaitikisa huku na huku akiitafuta nukta. Kisha akaigeuzia kwenye kivuli cha kibanda. "Ile pale! Si nilikuambia?"

Marlee akaiona. Nukta nyekundu ilikuwa inacheza juu ya kopo la maganda ya risasi, na kopo lilikuwa mikononi mwa Josie, binti mdogo wa Mjomba.

"SIMAMISHENI!" akapiga kelele.

Milio ya risasi ikakoma uwanja mzima. Ndiyo sheria: yeyote anayeona hatari apaze sauti, hata awe mtoto, na wote waweke silaha mezani. Mjomba akaiweka yake, uso umemwiva.

Bi Wanda, msimamizi, akaifungua ile bastola. Ilikuwa tupu.

"Mnaona?" Mjomba akafoka. "Tupu! Umeniaibisha mbele ya watu, wewe mtoto. Niombe msamaha."

"Siombi."

"Basi kondoo wako ataenda maonyesho kwa miguu!"

Mwaka mzima Marlee amemlea Biskuti, tangu akinyonya chupa! Akamtazama mama yake, lakini mama alikuwa anamtazama Josie.

"Na aende kwa miguu," Marlee akasema, machozi yakimlengalenga. "Ulimwelekezea Josie. Nikiona tena, nitapiga kelele tena. Msamaha siombi, ng'o!"

"Royce," Bi Wanda akasema, "sheria haiulizi kama ina risasi. Leo umemaliza. Nenda nyumbani."

Mjomba akambeba Josie, akaondoka bila kuaga.

Mama akachukua kile kioo. "Leza imemfanya kaka aikimbize nukta badala ya kuangalia mtutu unaelekea wapi," akasema. "Hiki kitanilazimisha kuinua bastola hadi usawa wa jicho na kutazama mbele. Kinadai mazoezi. Sawa, nitafanya mazoezi."

Asubuhi ya maonyesho, Marlee na mama yake walikuwa wakihangaika kumsukuma Biskuti kwenye kiti cha nyuma cha gari. Biskuti naye, kichwa kigumu kama Marlee mwenyewe, alikataa katakata. Wakasikia mngurumo. Mjomba Royce aliingia uani na trela.

"Sikuja kudai msamaha," alisema, akikwepa macho yao. "Josie aliniuliza mbona ile nukta ilikuwa kwenye kopo lake."

Akamshika Marlee bega.

"Nilikuwa na hakika ni tupu, mpwa wangu. Wote waliowahi kuua mtu kwa bahati mbaya walikuwa na hakika vilevile. Ukiona hatari, paza sauti. Mkubwa akikasirika, mwache akasirike. Hasira zitapoa, lakini risasi hairudi."

"Na Biskuti?" Marlee akauliza, bado amekunja uso.

"Mpakie, bwana! Tunachelewa."