Aliyekaa Kwenye Mifupa

Msusi alikuwa akimsuka kifungua mimba wake alipoona mvi. Si moja. Kisogo kizima kilikuwa cheupe, na binti mwenyewe alikuwa hajamaliza shule.

"Mama, mbona umenyamaza?"

"Natafuta kitana," alidanganya, akazifunika upesi kwa rasta.

Alizijua mvi zile. Dada yake marehemu alikuwa nazo, na kabla yake mama yao mdogo. Wote waliondoka wangali wabichi, midomo imepauka, damu ikiwachuruzika puani. Ukoo ulisema ni jini mnyonya damu.

Haukupita muda, binti akawa anahema kwa kupanda ngazi tu. Vidoa vyekundu vikamtoka miguuni. Chumba chake kikanuka chuma kilicholoa. Na mchana mmoja, mama akimkanda, alilaza sikio kwenye paja la mwanawe, akasikia, mbali ndani ya nyama, mfupani kwenyewe, kitu kikiguguna taratibu, kikitulia, kikimeza, kisha kikianza tena, kama panya asiye na haraka kwa kuwa ghala lote ni lake.

Mganga akaitwa. Alifukiza ubani, akakemea: "Nani kakutuma? Toka!"

Binti alifumbua macho. Sauti haikuwa yake.

"Sijatumwa. Nimezaliwa naye. Muulize mama yake, ndiye aliyenibeba."

Mganga alizima makaa, akamgeukia mama. "Dada yangu," alinong'ona, "jini wa kutumwa namrudisha alikotoka. Huyu kwao ni hapa. Mpeleke mtoto hospitali."

Baada ya vipimo, daktari alizungumza polepole. Uboho, ule unaotengeneza damu ndani ya mifupa, ulikuwa unakufa, na saratani ya damu imeshaanza. Kasoro ni ya kurithi. Imepita kwa mama bila kumgusa. Mdogo wake binti, mtoto wa pili wa mama, angeweza kumpa uboho, lakini walipompima, naye walimkuta nayo.

"Huenda ikalala maisha yake yote," daktari alisema. "Huenda ikaamka."

Mama alipiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, mwanangu. Nimekupa mimi."

"Na wewe ulipewa, mama. Ungejuaje?"

Nje ya dirisha mdogo wake alikuwa akiruka kamba, akijihesabia kwa sauti. Mgonjwa alimsikiliza kitambo, akivuta pumzi kwa tabu.

"Usimwambie leo," alisema. "Mwache aruke."