Kilo Kumi na Tisa

Jioni ile nilikuwa na kazi moja tu ndogo: kupima begi.

Ndege yangu ilikuwa kesho yake mchana, na mzigo haukutakiwa kuzidi kilo ishirini na tatu. Nyumbani hatuna mizani. Kazini ipo. Mimi ni dobi, mwaka wa kumi na nne huu, na pale dukani nguo tunazipokea kwa kilo, kwa hiyo karibu na mlango pana mizani ya chuma yenye sahani pana na mshale mwekundu. Wenzangu wananiita Mizani. Fungu la nguo nikilishika tu mkononi nataja uzito wake, na wanaobisha hupima wenyewe kisha wakanyamaza.

Bosi alikuwa ameshaondoka. Funguo huwa ninazo mimi. Nilifungua, nikawasha taa moja, nikalivuta begi ndani kwa magurudumu yake huku nikiimba peke yangu. Nilikuwa na furaha ya kitoto. Nalisema hili mapema ili ujue nilidondoka kutoka wapi.

Miaka sita nilikuwa nauota mji ule. Niliuona kwenye televisheni ya wateja: treni zinazojiendesha zenyewe, bustani ndani ya nyumba za vioo, mvua ya joto inayonyesha kidogo na kukatika, na wanawake wanaotembea peke yao jioni bila kukumbatia mikoba. Hilo la mikoba ndilo lililonimaliza. Nilitaka kwenda mahali nitembee mikono yangu ikining'inia tu, sina wa kumngoja wala wa kumuaga. Peke yangu. Nimelelewa kwenye nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuwa peke yake.

Nieleze hapo. Nyumbani tupo wawili, mimi na dada yangu. Yeye ni fundi cherehani, anashonea chumbani kwake, na kando ya cherehani kuna kigoda ambacho hakikaliwi. Zamani kilikuwa kando ya kitanda cha mama. Ukitaka kukikalia mama anakushika mkono taratibu, anasema, "Hapo pana mtu." Basi, mazungumzo yameishia hapo. Mama alipofariki, miaka kumi na mmoja iliyopita, dada ndiye mkubwa, akakihamishia kwake. Tangu hapo mgongo wake ukaanza kupinda. Madaktari wakatafuta sababu wakachoka. Wachumba watatu walikuja, wote wakapotea bila kuaga vizuri, na wa mwisho aliniambia mlangoni kwamba akiingia chumba kile kifua kinamwelemea. Mimi nilicheka. Nilijua ni wazimu mdogo wa ukoo wetu, kama familia nyingine zilivyo na vidole sita.

Nilipomwambia dada nasafiri, nilijiandaa kwa vita. Badala yake alitoa daftari jipya.

Akapanga nami kila kitu. Ukitoka uwanja wa ndege panda treni hii, shuka kituo hiki, hoteli iko mkono wa kulia. Mtaa huu una taa hadi asubuhi. Siku ya kwanza pumzika, ya pili bustani, ya tatu makumbusho. Mimi mwanzoni niliutaka mji mwingine, wa milimani, wenye baridi. Akaukata kwa kalamu bila kunitazama. Alisema baridi haitafaa. Nikadhani anafikiria kifua changu. Alitaka nichukue chumba chenye kitanda kikubwa. Nikamuuliza cha nini na mimi ni mmoja, akasema nijinyooshe. Yeye ndiye aliyenikatia tiketi, kwenye kompyuta ya jirani, kwa sababu mimi na mashine zisizofua nguo hatuelewani. Daftari lilikuwa na siku kumi na tatu. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa mtupu. Alisema siku ya kurudi haina mipango, ni ya kurudi tu.

Jumapili alinisuka nywele mwenyewe, akatandika kitambaa chini ili zisitapakae. Kisha akanipa gauni aliloshona, la kijani, jepesi, la joto la huko. Nililia. Nikawaza, kumbe dada yangu ananipenda hivi.

Basi, nikaliweka begi kwenye mizani.

Mkononi lilikuwa kilo kumi na sita. Nilikuwa na uhakika. Begi tupu ni nne, na vitu vyangu ni kumi na mbili.

Mshale ulizunguka. Ukapita ishirini. Ukapita thelathini.

Thelathini na tano.

Nikalishusha, nikalinyanyua. Kumi na sita, mkono wangu unaapa. Nikalirudisha. Thelathini na tano. Nikajua mizani imeharibika, nikachukua mfuko wa sabuni wa kilo tano ambao haujafunguliwa, nikaupima. Tano kamili.

Nikafungua begi na kutoa vitu kimoja kimoja. Viatu vilipotoka mshale ulishuka kwa uzito wa viatu. Taulo, kwa uzito wa taulo. Kila kitu kilikuwa cha kweli, hakuna kilichodanganya, mpaka likabaki gauni la kijani peke yake. Nikalitoa, nikalitandaza juu ya sahani. Gauni ambalo mkononi halikuzidi leso tatu.

Mshale ukaenda polepole, kama mtu anayekaa kwa kujisikiliza.

Kumi na tisa.

Pale dukani kuna harufu moja tu, ya sabuni na mvuke. Imekaa mpaka kwenye ngozi yangu. Lakini sasa ilikuja nyingine, ikapita juu ya ile… Mafuta ya nywele. Yale mazito ya kijani kwenye kopo la bati aliyokuwa akipaka mama, ambayo siku hizi hayauzwi popote.

Chuma cha mizani kikalia, kidogo tu. Hulia hivyo pale mtoto wa mteja anapokuwa amesimama juu yake akibadilisha mguu.

Sikukimbia. Utaniuliza kwa nini. Sikukimbia kwa sababu mikono yangu ilikuwa imeshaanza kufanya kazi inayoijua. Dobi hafui nguo bila kupekua mifuko na pindo, na gauni hili sikuwa nimelipekua kwa sababu lilikuwa jipya, na lilitoka kwa dada. Nikapitisha vidole kwenye pindo la chini. Upande wa kushoto palikuwa na kitu, kinene kama kidole.

Nikachukua wembe, nikafumua.

Kilikuwa kisuko cha nywele. Nusu yake mvi, zimekauka, zina yale mafuta. Nusu nyingine nyeusi, mpya.

Zangu. Za Jumapili.

Sasa sikiliza nilichokifanya, maana ndicho kilichonifikisha hapa. Kila duka la dobi lina sheria zake, na yetu ya kwanza ni hii: kitu cha mteja hakitupwi. Pete, risiti, jino la bandia, chochote utakachokuta kwenye nguo unakitia kwenye mfuko wa aproni yako, na hakitoki humo mpaka mwenyewe aje umkabidhi mkononi. Miaka kumi na minne nimefanya hivyo bila kuwaza. Aproni nilikuwa nimeivaa nilipoingia, kwa mazoea tu.

Nikakitia mfukoni.

Gauni nikalipima tena. Mshale haukutikisika hata kidogo kutoka kwenye sifuri. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu nifungue begi. Nikajiambia yamekwisha, kesho nasafiri, na dada nitamshughulikia nikirudi.

Mlango ukafunguka.

Alikuwa dada. Sijui alifuata nini. Labda alikuwa nje muda wote. Alisimama kizingitini, akatazama begi tupu, gauni lililofumuliwa, wembe. Mimi hakunitazama. Alitazama kando yangu, chini kidogo, mahali ambapo kichwa cha mtu kingekuwa kama angekaa kigodani.

Akainamisha kichwa kwa heshima. Halafu akanyooka.

Alinyooka, jamani. Mgongo wote. Nilikuwa nimesahau kwamba dada ni mrefu kuliko mimi.

"Umekiweka wapi?" alinong'ona.

"Mfukoni."

"Kwa mkono wako?"

Nikavitazama vidole vyangu. Akafunika mdomo kwa kiganja, na machozi yakamtoka, na juu ya machozi yale nikaona kitu kibaya kuliko vyote vya jioni ile. Nikaona nafuu.

Nilimuuliza ni nini. Akasema hajui, mama hakumwambia jina lake, wala mama hakuambiwa na aliyemwachia. Alijua machache tu. Kwamba hakitoki mpaka kipokewe. Kwamba kinapenda joto. Kwamba kikivushwa bahari hakipati njia ya kurudi chenyewe.

"Kwa hiyo nikakipeleke nikakiache kule?" nikamuuliza. "Halafu nirudi?"

Akatazama sakafu.

Niliitoa tiketi kwenye mkoba. Siku zote nilikuwa nimeisoma juu juu, jina langu, tarehe ya kesho, saa saba na nusu. Sasa niliisoma yote, mstari kwa mstari, hadi chini kabisa. Kulikuwa na safari ya kwenda.

Ya kurudi haikuwepo.

"Nimekaa nacho miaka kumi na mmoja, mdogo wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Kule ni salama. Nilikuchagulia mahali pazuri. Hutaona shida."

Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Sikuumizwa na uchawi. Niliumizwa na lile daftari. Kila mtaa aliouchagua, kila taa aliyohakikisha inawaka, kila kituo cha treni, alikuwa anakitafutia kitu kile makao mapya, na mimi nilikuwa begi. Dada niliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Aliyenisuka huku akiniuliza kama naumia.

Alikwenda bila kunigusa. Nilisikia hatua zake nje, nyepesi, za haraka.

Nikachukua kisuko na kukitupa kwenye pipa la taka, nikavua aproni, nikapanda juu ya mizani. Mimi ni kilo sitini na moja. Wiki iliyopita, mwezi uliopita, mwaka mzima.

Mshale ukasimama kwenye themanini.

*

Nilisafiri. Ningekaa pale nifanye nini? Nirudi nyumbani nikamkute anaimba?

Mji ni vile vile nilivyouona kwenye televisheni, sikudanganywa kwa hilo. Ni msafi, una kamera kila kona, na wanawake wanatembea jioni mikono ikining'inia. Treni inajiendesha yenyewe. Hujaa hadi watu wanakanyagana miguu, lakini kiti kilicho kando yangu hakikaliwi. Mtu huja, huinama akae, halafu hubadili mawazo na kusimama akijipapasa kifua. Mhudumu wa hoteli, msichana mwenye adabu sana, aliniletea taulo nne badala ya mbili. Nilipomwambia niko peke yangu alitabasamu akatazama kando yangu, akasema samahani, na taulo hakuzichukua.

Kitanda ni kikubwa. Upande mmoja hubonyea.

Mgongo umeanza. Hauumi. Ni uzito tu, na najikuta natazama chini ninapotembea.

Siku ya kumi na mbili nilikwenda mwenyewe ofisi ya shirika la ndege, nikapanga foleni, nikakata tiketi ya kurudi. Sikumwambia dada. Njiani nikamchukulia zawadi, blauzi nzuri ya rangi ya maziwa, saizi yake naijua. Mimi si fundi, lakini dobi yeyote anajua kushona pindo lililofumuka. Siku hizi kila nikichana nywele naziokota zilizonyofoka. Kwenye kitana changu huwa zipo nyeusi, na za mvi pia, ambazo mimi sina. Za dada zilikuwa kwenye kofia yake ya kulalia niliyoikuta imechanganyika na nguo zangu. Nikasuka, nikazitia ndani, nikashona kwa uzi mara mbili, nikaikunja blauzi na kuiweka juu kabisa kwenye begi.

Unafikiri nilijisikia vibaya? Nilitabasamu. Nikamwona dada usoni mwangu, kwenye kioo cha hoteli, tabasamu lile lile la kunisuka Jumapili.

Asubuhi iliyofuata nilikuta pindo limefumuliwa.

Uzi ulikuwa umekunjwa vizuri, umewekwa juu ya mto, ule mto wa upande wa pili. Nikashona tena. Kesho yake tena ukawa juu ya mto. Ndege yangu iliondoka siku ya kumi na nne nikiwa nimekaa kitandani na sindano mkononi, nashona.

Leo ni siku ya ishirini na sita. Nje kuna jua, na mvua ya joto imepita sasa hivi. Kisuko nilichomshonea dada nimekikuta kwenye mfuko wa nguo ninayolalia, kimepakwa mafuta upya.

Kimeupenda mji.